Gari la Majabali: Ufundi wa Jua Kali na Maji ya Pwani

Msafiri atokaye Mombasa kwenda bara huijua njia yake kwa majina ya vituo: Mariakani, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Makindu. Kwa wengi wetu Makindu ndiyo mwisho wa kuijua Ukambani. Twateremka, twanywa chai, twapanda tena basi. Lakini mtu akiiacha barabara kuu hapo Makindu, akakata mkono wa kulia kuelekea Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, atapita mji mdogo uitwao Kathonzweni. Nchi ya hapo ni nchi ya jua, ya maembe na machungwa, ya pojo na mbaazi. Mito yake mingi ni mito ya mchanga. Maji huonekana siku chache za mvua, kisha hujificha chini mpaka wenyewe wayafukue. Majabali ya kale yametokeza ardhini kama migongo ya viboko mtoni, na upande wa mashariki Mto Athi wapita ukigawa Makueni na Kitui.

Katika nchi ya namna hiyo gari la kawaida lina mahali pake pa kukomea. Punda huendelea, mtu kwa miguu huendelea, bali gari hubaki nyuma. Leo twataka kumweleza msomaji habari za gari ambalo kazi yake huanzia pale wenziwe wanapokomea. Ni gari la kuundwa kwa mikono, lisilotoka kiwandani likiwa kamili, na shughuli yake ni kupanda mawe.

SI MWENDO, NI SUBIRA

Mwananchi wa Kenya akisikia mashindano ya magari hukumbuka Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953. Humkumbuka Joginder Singh, fundi na dereva aliyeshinda mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976, na ushindi wa kwanza akiupata kwa Volvo iliyokwisha kutumika. Mashindano yale ni ya mwendo. Vumbi hutimka, gari hupita, na mtazamaji huachwa akikohoa.

Gari la majabali ni kinyume cha hayo. Likiwa kazini, mtoto wa shule hulipita akitembea. Dereva hakanyagi mafuta kwa pupa. Hulisogeza gurudumu moja juu ya jiwe, akasubiri, akalisogeza la pili. Mwenziwe hutangulia kwa miguu akimwonyesha kwa mkono: kushoto kidogo, nyoosha, simama. Akiharakisha, gari huruka, na chuma kilichoruka hakishuki salama. Kila mtu hujua kwamba haraka haraka haina baraka. Hapa maneno hayo ni kanuni ya ufundi.

Asili ya magari haya ni ya watu waliolazimika kuunganisha vitu walivyokuwa navyo. Jeep ya Marekani ilikuwa gari la vita vya 1939 hadi 1945. Vita vilipokwisha, mhandisi Mwingereza Maurice Wilks alikuwa na Jeep moja shambani kwake, na mwaka 1947 kiwanda chake kikatengeneza gari la majaribio juu ya chesisi ya Jeep. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, basi bodi ikafanywa ya aluminiamu. Gari hilo ndilo lililozaa Land Rover, iliyoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, na ambayo kwa miaka mingi haikukosekana penye kituo cha polisi, misheni au shamba kubwa Afrika Mashariki.

Huko Marekani nako, mwaka 1953, wenye Jeep walikusanyika rasmi kwa mara ya kwanza kuipita njia ya mawe ya Rubicon, katika milima ya California. Mwaka 1964 Bruce Meyers akaunda gari jepesi la kuchezea michangani, akitumia mashine ya Volkswagen na bodi ya faibagilasi. Watu wa Pwani watafurahi kusikia kwamba Meyers alikuwa fundi wa mashua. Aliyoyajua katika kuunda chombo cha majini aliyapeleka katika chombo cha nchi kavu.

MKUKU NA MATARUMA

Tumwazie basi fundi mmoja hapo Kathonzweni, mwenye kibanda cha mabati kando ya barabara. Kazi yake ya kila siku ni kuchomelea malango, mikokoteni ya punda na matangi ya maji. Si mgeni wa chuma. Wazee wa Pwani waliwajua Wakamba kwa misafara yao ya karne ya 19, iliyoteremka hadi Rabai na Mombasa. Waliwajua pia kwa uhunzi wao, hasa mikufu myembamba ya waya iliyosukwa kwa ustadi mkubwa. Fundi wetu ni wa ukoo wa kazi hiyo. Sasa ataka kuunda gari la majabali. Ataanzia wapi?

Ataanza kama aanzavyo fundi wa jahazi kule Matondoni, kisiwani Lamu. Fundi wa Matondoni hulaza mkuku kwanza, kisha husimamisha mataruma. Huyu naye atatafuta chesisi ya gari kuukuu, Land Rover au Land Cruiser iliyopinduka au iliyokufa mashine, na huo ndio mkuku wake. Ekseli zake nene za mbele na nyuma ndizo anazozitaka. Bodi ataing'oa, maana bati halimsaidii mtu juu ya mwamba. Huongeza uzito na kukwaruzwa. Mahali pake atasimamisha mabomba ya chuma yaliyopindwa na kuunganishwa pembetatu pembetatu, yakamzunguka dereva na mwenziwe kama tundu. Hayo ndiyo mataruma.

Hapa pana jambo linalotenga fundi na mbabaishaji. Tundu hilo si pambo. Gari la majabali hupinduka, na fundi mwenye akili huliunda akijua hivyo. Siku ikipinduka, uhai wa watu wawili hutegemea mabomba yale. Bomba la maji la dukani lapatikana Wote kwa bei nafuu, nalo lashawishi. Lakini halikufanywa kubeba uzito wa gari, na bomba lililopakwa zinki likichomelewa hutoa moshi unaompa fundi homa. Litakiwalo ni bomba la chuma kizito, lisilo na mshono, lililokazwa kwenye chesisi kwa vibao vya chuma wala si kupachikwa kwenye bati.

Kisha kuna kuchomelea kwenyewe. Mshono mbaya waweza kusuguliwa kwa grenda, ukapakwa rangi, ukang'aa kuliko mzuri. Mnunuzi hataujua. Hata fundi mwenyewe baada ya mwezi atausahau. Ila jabali litaujua. Fundi wa jahazi anafahamu habari hii vema, maana kalfati iliyotiwa kwa uvivu haionekani bandarini. Huonekana katikati ya bahari, usiku, maji yakipanda. Kazi iliyofichika ni amana. Hapana askari awezaye kuisimamia isipokuwa aliye ndani ya kifua cha fundi.

UKIKAZA HAPA, PATAKATIKA PALE

Gari likishasimama, kazi ya pili huanza, nayo ndiyo isiyo na mwisho: kuliboresha. Tuifuate kidogo, kwani ina mafunzo.

Shida ya kwanza ni mwendo. Mashine haiwezi kuzunguka polepole mno. Ikishuka chini ya kiasi fulani hukata pumzi. Kwa hiyo mwendo hupunguzwa kwa gia. Tuseme gia ya kwanza hupunguza mara 4, boksi ya gia za chini mara 2.5, na difu mara 4. Zidisha: 4 kwa 2.5 ni 10, mara 4 ni 40. Mashine ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gurudumu litazunguka mara 25. Tairi lenye kipenyo cha sentimita 80 huenda kama mita mbili na nusu kwa mzunguko mmoja, hivyo gari litakwenda chini kidogo ya kilomita 4 kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu atembeaye bila haraka, na kwa jabali bado ni mwingi. Fundi akiongeza boksi ya pili ya gia za chini, mara 40 huwa mara 100, na gari huenda kilomita moja na nusu tu kwa saa. Mashine ni ileile. Nguvu iliyofika chini imezidi mara mbili na nusu. Fundi hakununua nguvu, alinunua subira.

Shida ya pili ni difu. Difu la kawaida limefanywa ili gari likate kona vizuri, gurudumu la nje likizunguka zaidi kuliko la ndani. Lakini juu ya mawe gurudumu moja hubaki hewani, na difu hulipa hilo lililo hewani mzunguko wote. Linazunguka bure kama feni, na lililokanyaga mwamba limelala. Dawa yake ni difu la kufunga, linaloyalazimisha magurudumu mawili yazunguke pamoja. Asiye na fedha hulichomelea difu lake likawa kipande kimoja. Gari hupanda, ni kweli, bali hukata kona kwa taabu na huvunja shafti.

Shida ya tatu ni tairi. Fundi huona tumbo la gari linagusa mawe, akaweka matairi makubwa zaidi. Akitoka kipenyo cha sentimita 80 hadi 90, ekseli hupanda sentimita 5 tu, yaani nusu ya nyongeza. Lakini tairi kubwa huzikamua shafti zaidi, na gia alizozipunguza kwa gharama huwa kana kwamba zimepandishwa tena. Gari nalo limekuwa refu, rahisi kupinduka. Ataongeza shafti nene. Shafti nene hazivunjiki, basi sasa huvunjika maungo ya propela. Atayakaza hayo; ndipo difu lenyewe lipasuke meno.

Mafundi wa kazi hii wote wameupitia mkufu huo. Nguvu ikiongezwa mahali, udhaifu hauondoki, huhamia jirani. Kwa hiyo fundi mwenye busara haulizi, "Niongeze nini?" Huuliza, "Nikiongeza hiki, kitakachofuata kuvunjika ni kipi, na nitaweza kukibadili porini kwa jeki na spana?" Baadhi yao huacha kwa makusudi kiungo kimoja rahisi kiwe dhaifu kuliko vyote, kivunjike hicho badala ya kile cha ghali.

Yako na mengine madogo yenye faida kubwa. Tairi lenye upepo wa pauni 30 likipunguzwa hadi 15 au chini yake hulainika, likalikumbatia jiwe badala ya kulidunda. Ila yahitaji pete ya kulibana kwenye rimu lisichomoke. Rejeta na feni lazima ziwe na uwezo, kwa kuwa gari liendalo polepole halipati upepo wa njiani, na jua la Makueni halisamehe. Tangi la mafuta liwe mbali na moto wa ekzosi, betri ifungwe imara, mikanda ipite mabegani, na mtungi wa kuzimia moto uwe karibu na mkono. Winchi ikifungwa kwenye mti, mti nao uvishwe mkanda mpana usichunwe gome.

MAHALI PA KUPIMIWA

Msomaji atauliza, na ana haki: ya nini taabu yote hii? Katika nchi ambako mama hutembea na punda kutafuta maji, gari la kupandia mawe si mchezo wa wenye fedha?

Jawabu lilipatikana Kenya yenyewe. Mwaka 1988 kulianzishwa shirika la Rhino Ark, mwanzilishi wake akiwa Ken Kuhle, kwa nia ya kujenga ua wa kulinda vifaru wa milima ya Aberdare, ambayo wenyeji huiita Nyandarua. Mwaka uliofuata, 1989, yakaanza mashindano ya magari yaitwayo Rhino Charge kwa ajili ya kuuchangia ua huo. Tangu hapo yamekuwa yakifanywa karibu na mwanzo wa mwezi Juni, katika pori tofauti, na mahali penyewe hufichwa mpaka siku zikikaribia.

Kanuni yake ni ya ajabu. Magari yapatayo 60 hupewa vituo vya kufikia ndani ya saa 10 katika nchi isiyo na barabara. Anayeshinda si wa kwanza kufika. Anayeshinda ni yule aliyevifikia vituo vyote kwa kutembea masafa mafupi kuliko wenziwe. Mwenye kuzunguka mlima hupoteza. Mwenye kuupanda na kuushuka hupata. Hiyo ndiyo sababu magari mengi ya huko yameundwa au kugeuzwa gereji, fremu za mabomba, gia za kutambaa na yote tuliyoyaeleza. Kila kundi hutakiwa kuchangisha fedha kwanza, na fedha hizo huenda kwenye ua.

Ua ulianza kama kipande kifupi upande wa mashariki, palipokuwa na ugomvi mkubwa baina ya wanyama na mashamba. Ukaongezwa kilomita kwa kilomita, mwaka kwa mwaka. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki aliuzindua ukiwa umekamilika, kiasi cha kilomita 400 kuuzunguka mlima mzima. Ilikuwa kazi ya miaka ishirini. Nao ua, kama gari, una nguvu ya nguzo yake iliyo dhaifu. Ndovu haujaribu penye imara.

PEMBE, JAMBIA NA MITO

Watu wa Pwani wana sehemu yao katika hadithi ya kifaru, tuseme kweli. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi 20,000. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 walibaki chini ya 400. Pembe nyingi zilikwenda Mashariki ya Mbali kwa dawa, na nyingine Yemen, zikachongwa vipini vya majambia. Mtafiti Esmond Bradley Martin, aliyekuwa mkaazi wa Nairobi na aliyeandika pia juu ya biashara ya majahazi, aliifuata njia hiyo kwa miaka mingi. Yemen ya Kaskazini ilikataza pembe kuingizwa mwaka 1982, lakini magendo hayakukoma. Mwaka 1992 Mufti Mkuu wa Yemen akatoa fatwa kwamba kumuua kifaru ni kwenda kinyume cha mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Vipini vya pembe ya nyati wa majini na vya akiki vikahimizwa badala yake. Bradley Martin aliuawa nyumbani kwake Nairobi mwaka 2018.

Lakini ua ule umelinda zaidi ya kifaru. Katika msitu wa Nyandarua huanza mito ya Chania, Gura na Maragua, inayoingia Tana, ikajaza bwawa la Masinga na kuzungusha mitambo ya umeme, kisha ikateremka hadi Garsen na kumwagika baharini Kipini. Kutoka miteremko ya kusini hushuka Ruiru, Thiririka na Ndarugu, zikaingia Athi. Na huo ndio Athi upitao mashariki ya Kathonzweni, ukakutana na Mto Tsavo na kuitwa Galana, ukafika karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Visima vya Baricho, kando ya Sabaki, hupeleka maji Malindi, Kilifi na Mombasa. Ua hauwezi kuusafisha Athi na uchafu wa viwanda na mitaa ya Nairobi. Hiyo ni kazi nyingine ambayo bado yangoja wenyewe. Ila msitu ukikatwa, hata hayo maji machafu hayatakuwako.

Basi mtu wa Kisauni afunguaye bomba lake asubuhi ana uhusiano na gari la mabomba lililotambaa juu ya jabali, ingawa hakupata kuliona. Fundi aliyechomelea mshono usioonekana amefanya kazi ambayo mwisho wake uko mbali na macho yake.

FUNDI WETU ATAFIKA WAPI?

Kenya imejaribu zaidi ya mara moja kuunda gari lake. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kifanye kazi hiyo, na mwaka 1990 magari ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa kwa shangwe. Kiwanda cha kuyatoa kwa wingi hakikupatikana. Baadaye kampuni ya Mobius iliunda gari la fremu ya mabomba kwa ajili ya njia mbovu za Afrika, nayo mwaka 2024 ilitangaza kufunga shughuli zake kabla ya kutangaza kwamba imepata mnunuzi. Majaribio yote mawili yalianzia juu, kwa amri au kwa mtaji, na hayakushindwa kwa kukosa mikono.

Mikono iko. Iko Kathonzweni, iko Kibokoni, iko Changamwe. Inachokikosa ni kipimo. Mchomeleaji wa jua kali anapata kazi kwa sifa ya mdomo. Ni nadra mshono wake kukatwa katikati na kutazamwa ndani na mwalimu, akaambiwa huu umeshika na huu umedanganya. Vyuo vya ufundi vilivyoko katika kaunti zetu vingeweza kumfanyia hivyo kwa gharama ndogo, hata kama hakumaliza shule. Gari la majabali lenyewe halina budi kukaguliwa kabla ya kuthubutu kuingia barabarani, na ndiyo sababu mengi yake hubebwa kwa lori hadi porini. Lakini fundi aliyejifunza kuunda tundu lisilovunjika mtu akipinduka, huyo ndiye tumtakaye atutengenezee kiti cha matatu, ngazi ya msikiti, tangi la maji la shule na trela la kubebea maembe.

Vijana wengi hutamani kazi ya kuonekana. Kazi hii huwafundisha ile isiyoonekana: kuhesabu gia kabla ya kukanyaga mafuta, kuuliza kitakachofuata kuvunjika, na kutoufunika kwa rangi mshono ambao wao wenyewe wasingekubali mwana wao auketie chini yake.